Uzi wa Bandi

Theopista alikuwa na uzi mweupe mdomoni habari ilipomfikia. Alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha duka karibu na soko la Mpanda, pale alipoweka cherehani yake kwa miaka kumi na mmoja, akichomoa uzi wa bandi kwenye gauni la komunyo ya kwanza. Ilikuwa Jumatano asubuhi, mwezi wa nne mwaka 1998, mvua za elinino zimekwisha kula barabara zote za mkoa na bado zina njaa. Katekista Apolinari akaja na kusimama mbele ya kibaraza, kofia mkononi, maji yakimchuruzika usoni kana kwamba hayaoni.

"Mama Gaudensi," akasema, "hebu weka hilo gauni chini."

"Niliweke chini wapi, katekista, na matope haya? Sema tu."

"Tumeitwa kwenye redio ya upepo pale misheni. Parokia ya kule Mpimbwe. Leodgar hatunaye."

"Leodgar yupi?"

Apolinari akaikunja kofia yake. Alijua, na Theopista mwenyewe alijua, kwamba hakuwa na Leodgar mwingine. Tumbo la mama yao, Angela, lilitoa watoto saba. Mungu aliwachukua watano wangali wadogo, akabakiza wawili: Theopista wa kwanza na Leodgar wa mwisho. Sasa alikuwa amebakiza mmoja.

"Kichomi," Apolinari akasema. "Siku nne tu. Amefariki jana jioni. Wanasema watakusubiri mpaka kesho mchana, zaidi ya hapo hawawezi."

Theopista akautema ule uzi. Hakulia. Neno la kwanza lililomjia moyoni, ambalo baadaye alikwenda kuliungama kwa padre, lilikuwa hili: amekufa hajanirudishia sauti ya mama. La pili ndilo lililomuuma zaidi: naye amekufa sijamjibu barua.

Akavuta droo ya cherehani. Chini ya vifungo na chaki zilikuwepo barua tatu zenye mwandiko wa mdogo wake. Ya kwanza ilikuwa imefunguliwa, ilikuwa ya kuomba msamaha, na kando yake zilikaa mbili ambazo hazijaguswa. Akazitia zote kwenye mkoba, akamkabidhi mwenye duka lile gauni likiwa na bandi upande mmoja, akaenda kutafuta lori la kwenda Kasansa, kijijini kwao Mpimbwe.

Kuna watu watakaosema Leodgar alikuwa mwalimu wa kwaya tu wa kigango cha kijijini, darasa la saba, mkulima wa mpunga kama wengine. Ni kweli. Lakini kwa miaka ishirini hakuna aliyezikwa Kasansa, aliyeoa wala aliyebatizwa pasipo mkono wa Leodgar kupanda na kushuka mbele ya waimbaji. Nota alifundishwa na padre mmoja mzee, naye akazishika kuliko yule padre. Alikuwa mkali, lakini ukali wake ulichekesha. "Nyie mabesi," aliwaambia, "mnaimba kama mnasukuma gari la mtu msiyempenda." Wanawake wa sauti ya kwanza aliwaita makwelea, wale ndege waharibifu wa nafaka, kwa sababu walikuja wengi, wakapiga kelele na kuondoka kabla ya kufagia kanisa.

Makwelea aliwajua vizuri. Utotoni mwake kila mwaka, mpunga ulipoanza kujaa maziwa, mama yao aliwachukua wakashinde kwenye majaruba ya mpunga kuamia ndege wasile. Mama alikaa juu ya dungu, jukwaa la miti la kulindia shamba, na kombeo lake. Theopista, ambaye alikuwa msichana mkubwa, alikaa pembeni yake akifinyanga mabonge ya udongo. Leodgar, mdogo kama panya, kazi yake ilikuwa kushuka na kukimbia kwenye majaruba kuyaokota yale yaliyoanguka bila kuvunjika, maana udongo mzuri hautupwi mara moja tu.

Na mama aliimba. Kila nyumba ya Mpimbwe ilikuwa na wimbo wake wa ndege, na wa Angela ulikuwa na mistari sita. Mitano ya kwanza ilikuwa ya kuwasimanga ndege kwa sauti kubwa: nendeni kwa jirani, jirani amelala, nendeni kwa mlevi, mlevi hajapanda dungu, na mengine ya namna hiyo. Kila mwisho wa mstari alikatisha, akazungusha kombeo, akatupa bonge, ndipo akaendelea. Mstari wa sita haukuwa wa ndege. Huo aliuimba polepole, karibu kwa kunong'ona, akiwa amekaa, mkono ukipumzika. Ulikuwa wa watoto wake watano. Hakuwataja majina, aliwauliza tu kama huko waliko mpunga umeiva.

Mwaka 1989, baada ya mavuno mazuri, Leodgar akanunua redio ya kaseti. Kitu cha kwanza alichotaka kurekodi ni wimbo ule. Mama akakataa kuuimba sebuleni.

"Nitaimbaje bila ndege?" akasema. "Nionekane mwenda wazimu kwenye nyumba yangu?"

Basi wakampeleka yeye na ile redio mpaka dunguni, mwanamke wa miaka sitini na kitu, akapanda ngazi huku akimtukana mwanawe kwa raha. Wimbo ukaingia kwenye kaseti pamoja na upepo, kelele za ndege na mlio wa kombeo. Leodgar alipofika nyumbani akavunja vijino vya plastiki nyuma ya kaseti, ili mashine yoyote isiweze kurekodi kitu kingine juu yake. Miaka miwili baadaye mama akafariki. Wale ndugu wawili hawakugombea shamba wala ng'ombe. Walichogawana ni kaseti ile: masika ikae Mpanda kwa Theopista, kiangazi irudi Kasansa kwa Leodgar. Na miaka mitatu ilikwenda na kurudi hivyo, bila hata siku moja kuchelewa.

Mwezi wa tano mwaka 1994 Leodgar alikuja Mpanda kushonesha majoho ya kwaya. Kaseti ilikuwa bado zamu ya dada yake. Siku moja ilikuwa ikicheza pale kibarazani, Leodgar akipiga pasi na Theopista akishona, akatokea mwanaume mrefu mwenye mkoba wa turubai uliokatika mkanda. Aliitwa Methusela. Alitoka Dar es Salaam, na kazi yake ilikuwa kukata na kuunga picha za video kwa mradi mmoja wa afya ya akina mama uliopanga nyumba mjini. Walikuwa wamepiga picha za wanawake wa milima ya Mwese wakishushwa kwa machela na baiskeli kwenda kujifungua, kwa sababu gari halipandi kule.

Methusela akasahau mkoba wake. "Mama, huyu nani anaimba?"

"Mama yetu," Theopista akajibu.

"Yuko wapi nikamrekodi?"

"Kwa Mungu. Kamrekodi huko."

Leodgar akacheka, Methusela akaomba radhi, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Akaomba aazimwe ile kaseti, wiki moja tu. Akaeleza kwamba picha zisizo na muziki haoni mwendo wake, hajui ikatwe wapi na ingojee wapi. Kwa hiyo huweka muziki wowote wa muda, akakata picha akiufuata. Kazi ikiisha, mtunzi hutunga muziki wa kudumu, na ule wa muda hutolewa.

"Kumbe bandi," Theopista akasema.

"Bandi ndiyo nini?"

Theopista akainua joho alilokuwa akilishona, akamwonyesha ule uzi mrefu wa mkono, mishono mikubwa mikubwa, unaoshika kitambaa kisihame mpaka cherehani ipite. "Hii ndiyo bandi. Bila hii joho linakwenda upande. Sasa mwisho wake unaujua?" Akamwonyesha chini ya cherehani, vipande vya nyuzi vimekanyagwa na miguu ya wateja. "Mwisho wake huo. Mama yangu hawezi kuwa huo. Mkanda wa mkoba wako utakuwa tayari saa tisa."

Methusela aliondoka. Theopista akadhani yameisha.

Hayakuisha, kwa sababu Leodgar hakuona kama alivyoona dada yake. Yeye aliwaza kwamba wakishausikia wimbo ule juu ya picha, hakuna mtu mwenye moyo atakayeweza kuutoa. Mama atabaki, ataonekana Dar, ataonekana Ulaya. Na kosa alilolifanya ni kosa la mwalimu wa kwaya, mtu ambaye maisha yake yote kaseti tupu zilikuwa adimu kuliko sukari. Alitaka wale watu walijue jina la mwimbaji. Jumapili, Theopista akiwa misa ya kwanza, akachana kipande cha bahasha, akakikunja, akakisokomeza kwenye lile tundu la kijino alichokivunja mwenyewe, kama alivyozoea kufanya na kaseti za mazoezi. Mashine ikakubali kurekodi. Baada ya wimbo kwisha, akaongeza maneno yake kwa sauti ya kusomea matangazo kanisani: "Mliyemsikia akiimba ni mama yetu Angela wa Kasansa, akiamia mpunga, mwaka elfu moja mia tisa themanini na tisa." Kisha akaipeleka kaseti kwa Methusela. Ile karatasi akaisahau tunduni.

Dada yake alipouliza kaseti iko wapi, akamwambia ameifungasha, maana zamu yake ilikuwa inakaribia. Theopista akaamini. Kwa nini asiamini?

Wiki tatu baadaye ndipo aliposikia. Leodgar alikuja kibarazani jioni, kaseti ikiwa kwenye mfuko wa shati, akaiweka mezani, akashindwa kusema. Theopista akaitia kwenye redio mwenyewe. Kilichotoka kilikuwa kinanda cha umeme, laini, kitamu kama maji yaliyotiwa sukari nyingi. Kilikuwa kinaufuata wimbo wa mama kwa mbali, kama mtu anayemwigiza kiwete. Pale mama alipokuwa akinyamaza atupe bonge, kinanda hakikunyamaza, kilijaza. Theopista alingoja dakika tano nzima mama aanze. Kinanda kikaisha. Ndipo sauti ya mdogo wake ikatoka, safi kabisa: "Mliyemsikia akiimba ni mama yetu Angela wa Kasansa..."

Akaizima redio. "Nieleze."

Leodgar akaeleza akiangalia chini. Kwamba wakubwa wa mradi waliitazama filamu. Kwamba mzungu aliyewalipa aliupenda wimbo, lakini bwana mmoja kutoka makao makuu ya mradi akauliza ni lugha gani hiyo, akaambiwa Kipimbwe, akauliza inasema nini, akaambiwa inafukuza ndege. Bwana yule akacheka mpaka akavua miwani. Mwanamke ana uchungu wa kuzaa, ninyi mnafukuza ndege? Toeni, tafuteni kitu kinachofanana. Akaletwa mpiga kinanda mmoja, Gelasius, aliyekuwa akipiga kwenye harusi mjini. Siku ile haikuwepo kaseti tupu. Methusela alikuwa amekwenda kutafuta dizeli ya jenereta. Gelasius akachukua iliyokuwa ndani ya mashine, akabonyeza, mashine ikakubali.

"Kwa nini ikubali? Si ulivunja vijino?"

Hapo ndipo Leodgar alipoitaja ile karatasi.

Theopista akaichomoa kaseti redioni, na mteja aliyekuwa akingoja suruali akaona bora aondoke. "Umemuua mama mara ya pili," akasema. "Na mara hii kwa kipande cha bahasha."

"Nilitaka wamjue jina, dada."

"Wamemjua. Sasa anapiga kinanda."

Akamwambia asikanyage tena kibarazani pale. Majoho ya kwaya alimtumia kwa lori, yameshonwa vizuri, kila pindo limenyooka, bila salamu hata moja mfukoni. Ikapita miaka minne.

Lori alilolipata Jumatano ile lilikuwa la dereva anayeitwa Shadrack, limebeba saruji na mabati. Akamkalisha mbele. Wakavuka Sitalike, wakaingia mbugani, matope mpaka kwenye ekseli, wakikwama na kuchimba, kukwama na kuchimba. Walipokwama mara ya tatu Theopista akatoa barua ya pili, akaifungua kwa sindano aliyoikuta kwenye kitambaa chake cha kichwa.

Iliandikwa mwaka 1996.

"Dada yangu Theopista, salamu katika Kristo. Sikuombi tena msamaha, nataka nikwambie nilichokiona. Ile wiki ya kwanza kabla hawajautoa wimbo, nilikuwa nakaa na Methusela kwenye chumba cha mashine. Kila mama aliponyamaza, Methusela alibadilisha picha. Akaniambia, hapa anavuta pumzi. Nikamwambia, havuti pumzi, anatupa bonge. Akasema, basi na mimi natupa picha. Alifanya hivyo filamu nzima, dada, kuanzia wabeba machela wanapoanza kushuka Mwese mpaka hospitali. Kila mtupo wa mama ni picha mpya. Walipoutoa wimbo hawakuzigusa picha, maana zilikuwa zimekwisha kukatwa. Methusela alilia kwa aibu, akanipa mkanda wa video. Huku parokiani kuna televisheni na jenereta. Padre ananiruhusu nusu saa baada ya misa. Nazima sauti kabisa, sitaki kukisikia kile kinanda. Natazama picha tu zinavyobadilika, nahesabu kwa kidole, na mama anarudi. Uzi wameutoa, dada, lakini matundu ya sindano yamebaki. Watu wanasema nimechanganyikiwa, mwalimu wa kwaya anatazama video bubu. Waache waseme. Nimeshaandika nota za mstari wa kwanza na wa pili."

Theopista akasoma mara mbili. Miaka ishirini na zaidi ya ushonaji, alijua matundu ya sindano ni nini. Kitambaa kizuri huyashika. Ukikiinua kwenye mwanga utayaona, yamejipanga, yanaonyesha uzi ulipita wapi.

Shadrack alirudi ndani ya lori, matope mpaka kiunoni, akamkuta analia. "Mama," akasema kwa upole, "maji yako yatunze. Barabara imeshiba."

Walilala Kibaoni. Asubuhi, lori likiondoka kwenda Majimoto, akafungua barua ya tatu. Ilikuwa ya mwezi wa pili mwaka huohuo wa 1998, miezi miwili tu nyuma, na ilikuwa fupi.

"Dada, nimefika mstari wa tano. Wa sita sina. Pale kwenye filamu Methusela aliweka uso wa yule mwanamke peke yake na hakubadilisha picha kabisa, hesabu ishirini na saba nzima. Sina pa kushika. Kaseti tulikuwa nayo miaka yote, nilidhani ipo, sikuukariri. Na dunguni mstari wa sita ukianza mimi nilikuwa chini naokota mabonge. Wewe ulikuwa juu na mama. Njoo siku moja tu, niimbie, niandike. Kisha rudi zako Mpanda uendelee kunichukia, sitakuzuia. Mimi mdogo wako, Leodgar."

Akaikunja. Akajaribu kuukumbuka mstari wa sita pale pale, kwenye kelele za injini, ukamkataa. Maneno aliyajua. Sauti ndiyo iliyokuwa haiji: kila alipoanza, kile kinanda kilipenya mbele yake. Akasali, "Mama Maria, nisaidie, ninakwenda mikono mitupu." Akajaribu tena Majimoto. Akajaribu tena Mamba. Hapakuwa na kitu. Yeye aliyemwita mdogo wake muuaji alikuwa naye ameachia mstari wa mwisho ufe kwa hasira, ukiwa mkononi mwake, na mwenye kuuandika akiwa hai anamwita.

Alifika Kasansa saa tano. Wanawake walikuwa wamekaa chini uani, wanaume chini ya turubai. Agape, mke wa Leodgar, alikuwa kwenye mkeka chumbani kando ya jeneza. Hakusimama.

"Wifi, umechelewa."

"Nimechelewa, wifi."

"Alikuwa anasikiliza magari. Kila likipita anasema, huyo, dada. Nikamwambia ni la mpunga hilo, lala." Agape akajifuta uso na upindo wa kanga. "Jumatatu homa imempanda akaanza kuniuliza mimi huo mstari wenu wa sita. Mimi natoka Ufipa, nitaujulia wapi? Nikamwimbia wa kwetu, akaniambia, hapana, huo si wenyewe, lakini usiache."

Wote wawili wakaanza kulia, wakashikana, na kilio kile kilikuwa na ugomvi ndani yake. Kisha Agape akavuta daftari kutoka chini ya mto. "Alisema hili ni la dada."

Lilikuwa daftari la shule. Mistari mitano ilikuwa imeandikwa kwa nota, safi, na kila mwisho wa mstari amechora duara dogo na kuandika: bonge. Chini yake palikuwa na vijumba ishirini na saba, vimepigwa kwa rula, na ndani yake hapakuwa na kitu.

Wakamfunulia jeneza. Alikuwa amekonda, lakini uso ulikuwa wake. Wamemvika joho la kwaya, lile alilolishona Theopista mwaka 1994 bila salamu. Akaligusa pindo. Lilikuwa halijafumuka.

Misa ilisomwa na padre wa parokia, aliyekuja kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Hakuhubiri sana. Alisema tu kwamba marehemu alimmalizia dizeli ya jenereta kwa kutazama filamu moja miaka miwili, na kwamba sasa angempa hata pipa zima. Watu wakacheka.

Makaburini mvua ilikuwa imeacha. Makaburi ya Kasansa yamepakana na majaruba, na mpunga ulikuwa umejaa maziwa. Kwaya iliimba bila kuongozwa na mtu, mabesi wakasukuma gari lao kwa mara ya mwisho. Jeneza likashushwa kwa kamba. Mzee Respicius, katekista wa kigango, akasema, "Ndugu wa marehemu, dada yake mkubwa ndiye anaanza. Mtupie udongo mdogo wako."

Theopista akainama, akachukua udongo. Ulikuwa mbichi, mfinyanzi, na vidole vyake vikaufinyanga vyenyewe ukawa bonge kabla hajajua anafanya nini. Akasimama nalo. Kisha akaanza kuimba wimbo wa ndege.

Watu wakadhani huzuni imemzidi. Mwanamke mmoja akataka kumshika, Agape akamzuia. Mstari wa kwanza ukaisha, Theopista akanyamaza, akatupa bonge kaburini. Akainama, akachukua jingine. Mstari wa pili, akanyamaza, akatupa. Wa tatu. Wa nne. Kwenye majaruba ndege walikuwa wakishuka na hakuna aliyekuwa akiwaamia, maana kijiji kizima kilikuwa makaburini. Mstari wa tano ukaisha, akatupa.

Kisha mikono ikawa mitupu, akakaa chini kwenye rundo la udongo kama mama alivyokuwa akikaa dunguni, na mstari wa sita ukaja. Uliuliza kama huko waliko mpunga umeiva. Aliuimba polepole mpaka mwisho, chini ya sauti, na waliokuwa mbali hawakusikia kitu.

Akasimama. Agape akatupa udongo, kisha watoto, kisha wengine wote. Wanaume wakachukua majembe na koleo, wakafukia kwa zamu mpaka tuta likapanda. Msalaba wa mbao ukachomekwa kichwani, umeandikwa jina lake na miaka yake kwa rangi nyeusi. Wakasali Rozari, matendo ya uchungu. Padre akanyunyiza maji ya baraka. Theopista alikuwa bado na daftari kwapani, na vile vijumba ishirini na saba vilikuwa vitupu, kwa sababu yeye hakujua nota. Ikaletwa ndoo ya maji na kata. Wakanawa udongo mikononi, mmoja mmoja, wakarudi nyumbani kwa marehemu.